Mbunifu majengo mwenye jina anapoitwa kuongoza kanda: akubali, na ofisi yake ijipange vipi?

Swali

"Shikamoo mzee. Mimi ni mbunifu majengo niliyesajiliwa miaka michache iliyopita, na ninafanya kazi katika ofisi ya wastani hapa Mikocheni, Dar es Salaam. Mwenye ofisi ni mtu mwenye jina. Amebuni majengo ambayo watu huyapita kila siku bila kujua ni ya nani. Sasa wenzake katika chama wanataka kumpendekeza awanie umakamu wa rais wa Umoja wa Wabunifu Majengo wa Afrika kwa kanda ya Afrika Mashariki. Ofisini tumegawanyika. Wapo wanaosema ni heshima kwetu sote, na wapo wanaoogopa kwamba atakuwa mtu wa ndege na makongamano huku michoro ikilala mezani ikisubiri sahihi yake. Naomba utueleze: viongozi hawa wa kanda hufanya kazi gani hasa? Je, mbunifu aliyebobea anafaa kuondoka kwenye meza yake kwa ajili ya cheo cha namna hiyo? Na sisi wadogo tunafaidika na nini?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu. Kama mkuu wenu ana mtu wa pili ofisini aliyesajiliwa na anayeaminiwa na wateja, na kama anaweza kutaja kwa kinywa chake mambo mawili au matatu anayotaka yabadilike katika kanda, basi akubali, na nyinyi mumsaidie. Kama kimojawapo hakipo, asubiri kipindi kingine. Kiti cha kanda kikikaliwa na mtu asiye na la kufanya, wanaoumia ni wabunifu vijana wa nchi kadhaa, ambao mambo yao hukaa kwenye majalada kipindi kizima bila mtu wa kuyafuatilia.

Tuviweke kwanza vyombo vyenyewe mahali pake, maana mara nyingi huchanganywa. Hapa nyumbani tuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo wengi tunaiita AQRB. Hiki ni chombo cha kisheria, kinachofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010, na ndicho kinachosajili, kinachosimamia mwenendo na chenye uwezo wa kumfuta mtu kwenye daftari. Pembeni yake kipo chama cha wabunifu majengo, AAT, ambacho ni cha wanachama wenyewe na kinaishi kwa michango na juhudi zao. Vyombo vya kanda na vya kimataifa vimejengwa juu ya vyama vya aina hii ya pili. Umoja wa Wabunifu Majengo wa Afrika, AUA, ulianzishwa Lagos mwaka 1981 na umeligawa bara katika kanda tano: kaskazini, magharibi, kati, mashariki na kusini. Umoja wa kimataifa, UIA, uliundwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1948, nao una kanda tano za dunia, Afrika ikiwa ya tano. Kipo pia chama cha wabunifu majengo wa Jumuiya ya Madola, CAA, kilichoanza mwaka 1965.

Jambo linalofuata kutokana na mpangilio huo ni zito kuliko linavyoonekana. Kiongozi wa kanda hana mamlaka ya kisheria juu ya mtu yeyote. Hawezi kuiamuru AQRB ya Tanzania wala bodi ya Kenya, hawezi kupitisha mchoro, hawezi kumwadhibu mbunifu mzembe wa Kampala. Alichonacho ni nafasi ya kuwakutanisha wenye mamlaka, kuwaandalia hoja iliyokwisha kufanyiwa kazi, na kuwafuata mpaka watekeleze. Kwa hiyo anayedhani anakwenda kutawala atachoka mapema. Anayejua kufuatilia jambo dogo kwa muda mrefu, kama tunavyofuatilia kibali cha ujenzi kutoka idara hadi idara, huyo ana maandalizi ya kazi hiyo.

Sasa nikupe mfano wa jambo ambalo kiongozi wa kanda yetu hawezi kulikwepa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na mwaka uliofuata, 2011, mamlaka zinazosimamia wabunifu majengo katika nchi wanachama zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba mbunifu aliyesajiliwa na bodi ya nchi moja asilazimike kuanza upya, kama mhitimu wa jana, anapotaka kufanya kazi katika nchi jirani. Wahasibu walikuwa na makubaliano ya aina hiyo mwaka huohuo, wahandisi wakafuata mwaka 2012. Ni kazi kubwa iliyofanywa na watu wenye subira, lakini kati ya karatasi iliyosainiwa na mtu anayefanya kazi kweli upande wa pili wa mpaka kuna safari ndefu.

Chukua jalada la mfano. Mbunifu wa Kigali amepata mteja anayetaka kujenga hoteli Dar es Salaam. Ndani ya jalada lake mna cheti cha shahada na orodha ya masomo aliyofanya, cheti cha usajili wa bodi ya kwao, barua ya bodi hiyo inayothibitisha kwamba mwenendo wake ni mwema na hana shauri, daftari la mafunzo ya vitendo lenye sahihi za waliomsimamia, na orodha ya miradi aliyoifanya. Kwa mtazamo wa mbali kila kitu kipo. Ukilikaribia jalada ndipo maswali yanapoanza. Mafunzo yake ya vitendo yalihesabiwa kuanzia lini, siku aliyohitimu au siku aliyoandikishwa bodi? Daftari linasema alishiriki mradi wa hospitali, lakini alifanya nini humo: alichora vyoo na milango, au aliwahi kusimama saiti akamjibu mkandarasi? Barua ya mwenendo mwema imeandikwa lini, na ni nani atakayejulishwa hali yake ikibadilika baada ya miezi mitatu? Hayo yakishajibiwa, bado kuna kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na namba ya mlipakodi, na milango hiyo yote iko mikononi mwa idara ambazo hazikutia sahihi makubaliano ya wabunifu majengo. Mwombaji anaweza kutambuliwa na taaluma yake na bado akakwama kwa karani wa idara nyingine.

Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa mtu aliyebobea kuwa kwenye kiti hicho. Mtu anayejua uongozi wa vikao pekee atauliza kama jalada limekamilika. Mbunifu aliyelea vijana kwenye meza ya kuchorea atauliza kilichomo. Fikiria mkuu wenu alivyokaa na mmoja wenu akapitia mchoro wa ngazi, akapima kwa rula kimo kati ya kidato na boriti ya juu, akaonyesha kwamba pale ngazi inapogeuka mtu mrefu atagonga kichwa, na kwamba mchoro wa mpango, unaotazama jengo kutoka juu, haukuweza kulisema hilo mpaka mkato uchorwe, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima. Mtu huyo anajua mafunzo ya vitendo yanapaswa kumfundisha kijana nini, na anaweza kukaa na mwenzake wa Nairobi au Bujumbura wakakubaliana ni ushahidi gani utosheleze pande zote. Makubaliano ya kutambuana yanasimama juu ya imani ya bodi moja kwa mafunzo ya bodi nyingine, na imani hiyo hujengwa na watu wanaoijua kazi kwa undani.

Isitoshe, Jumuiya imeongezeka. Makubaliano ya 2011 yalikuwa ya nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Baadaye zimeingia Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kila moja inakuja na sheria zake, historia yake ya elimu, na mara nyingine lugha yake ya kazi. Mbunifu wa Kinshasa amefundishwa kwa Kifaransa na kwa mapokeo ya Ubelgiji na Ufaransa. Atakayeongoza kanda katika miaka hii atakuta kazi ya kuwaunganisha watu hawa ikimsubiri, na kwa maoni yangu hiyo pekee inatosha kuwa ajenda ya kipindi kizima.

Eneo la pili lenye uzito ni vyuo. Wengi wetu tumepita Ardhi, ambayo ilikuwa taasisi tangu mwaka 1972, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na ikawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Ubora wa shahada za ubunifu majengo hauachwi kwa chuo pekee. Mwaka 1996 UIA pamoja na UNESCO walipitisha mkataba wa misingi ya elimu ya ubunifu majengo, na CAA ina utaratibu wake wa kutuma jopo kukagua programu za vyuo. Katika ukaguzi wa aina hiyo jopo huomba kuona kazi za wanafunzi wa viwango mbalimbali, na kazi muhimu kuliko zote ni ya mwanafunzi aliyefaulu kwa alama ya chini kabisa. Kazi ya mwanafunzi bora inaonyesha kipaji chake, ilhali kazi ya yule wa mwisho kupita inaonyesha chuo kinakubali nini. Kuitazama kazi hiyo kwa haki, bila kumdhalilisha kijana na bila kukipaka chuo rangi, kunahitaji jicho lililozoea michoro. Kunahitaji pia ujasiri, kwa sababu aghalabu wakuu wa chuo ni wanafunzi wenzako wa zamani.

Umeuliza kama mbunifu aliyebobea anafaa kuondoka kwenye meza yake. Nadhani swali lako limebeba dhana kwamba kubuni na kuongoza ni vitu vinavyofukuzana, na historia haithibitishi hivyo. Robert Matthew wa Uskoti aliongoza idara ya wabunifu majengo ya baraza la London wakati Royal Festival Hall, ukumbi mkubwa wa muziki jijini humo, ilipobuniwa na kujengwa, nayo ikafunguliwa mwaka 1951. Muongo mmoja baadaye alikuwa rais wa UIA, kuanzia 1961 hadi 1965, huku akiwa rais wa taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza kwa sehemu ya kipindi hicho, na mwaka 1965 akawa rais wa kwanza wa CAA. Ofisi yake haikufa. Lakini tazama alivyojipanga: mwaka 1956, kabla ya vyeo hivyo, alikuwa amekwisha kuingia ubia na Stirrat Johnson-Marshall, mbunifu mwenye uwezo wa kubeba mradi mkubwa bila kumsubiri mwenzake. Anayemtaja Matthew kama mfano wa kiongozi bila kumtaja mbia wake anaacha nusu ya habari.

Karibu zaidi na kwetu yupo Gaétan Siew wa Mauritius, aliyekuwa rais wa UIA kuanzia 2005 hadi 2008. Natamani vijana wa Tanzania wamjue. Ametoka kisiwa chenye watu wachache kuliko wilaya zetu kadhaa zikiunganishwa, na bado wenzake wa dunia nzima walimwamini. Udogo wa idadi ya wabunifu wetu usitumike kama kisingizio cha kukaa kimya. Afrika imeandaa kongamano kuu la umoja huo Cairo mwaka 1985 na Durban mwaka 2014, na Nigeria ilimtoa Tokunbo Omisore akaongoza AUA. Afrika Mashariki ina wabunifu wa kutosha wenye uwezo wa kukaa kwenye viti hivyo.

Hapa Dar es Salaam tunao urithi unaompa mtu wa kwetu la kusema mbele ya wenzake. Beda Amuli, aliyesomea Haifa, Israeli, na akawa mbunifu majengo wa kwanza Mwafrika nchini, alituachia Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Simama chini ya paa lile uangalie juu: ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja ukiwa juu ya nguzo yake, inayokusanya maji ya mvua na kuyashusha kupitia nguzo, huku hewa ikipita pembeni bila mashine yoyote. Paa moja linafanya kazi ya kivuli, ya bomba na ya dirisha, katika jiji lenye joto na mvua kama hili. Anthony Almeida, mzaliwa wa jiji hili aliyesomea Bombay, alifanya kazi hapa kwa zaidi ya nusu karne, na kanisa la pamoja la Wakristo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mojawapo ya majengo yake. Kongamano la kanda linapojadili ujenzi unaofaa tabianchi yetu, mara nyingi mifano huletwa kutoka mbali. Kiongozi mwenye mkono wa kubuni anaweza kuitaja Kariakoo na akaeleza inavyofanya kazi, mchoro mkononi, na wasikilizaji wakaondoka na kitu cha kutumia. Kwa soko lililounguzwa na moto Julai 2021, kisha likafanyiwa ukarabati na upanuzi, maelezo ya namna hiyo pia ni njia ya kulitetea.

Hata hivyo, niseme wazi kwamba umahiri wa kubuni hauleti uongozi wenyewe. Francis Kéré wa Burkina Faso alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya dunia ya ubunifu majengo, mwaka 2022, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata, na njia yake ilianzia shule ya msingi ya kijiji cha Gando, kwa majengo aliyoyajenga pamoja na wanakijiji wenzake. Ameitumikia taaluma kwa majengo hayo na kwa kufundisha, wala hakuhitaji kiti cha chama ili aheshimiwe. Kama mkuu wenu ni mtu wa aina hiyo, ambaye kikao cha saa mbili kinamchosha kuliko saiti ya siku nzima, msimsukume. Heshima yake ipo tayari, na chama kitapata mtu mwingine.

Sasa nizungumzie jambo ambalo katika vikao vyetu huguswa kwa woga. Kiti cha kanda humkutanisha mtu na mawaziri, mabenki ya maendeleo na wakuu wa mashirika, na watu hao ndio wateja wakubwa wa majengo. Mbunifu mwenye jina akiingia pale akiwa na ofisi inayotafuta kazi, majaribu yapo, na hata asipofanya kosa lolote, washindani wake watamtilia shaka. Dawa yake ni taratibu zilizoandikwa kabla ya uchaguzi. Katika mashindano ya kimataifa ya ubunifu, kanuni za UNESCO zilizopitishwa mwaka 1956, ambazo UIA ndiyo inayozisimamia, zinataka kazi zishindanishwe bila majina, na jaji wa shindano haruhusiwi kushiriki wala kupewa kazi inayotokana nalo. Mkuu wenu ajiwekee masharti makali kuliko hayo. Mradi wowote ambao chama cha kanda kimeushauri, ofisi yake isiuombe. Akialikwa kuwa jaji, aeleze kwa maandishi uhusiano wake na mteja na wabunifu wanaoshiriki. Nyinyi ofisini mtapoteza kazi mojamoja kwa sababu ya masharti hayo, na ni lazima mkubali hasara hiyo tangu mwanzo, kwa moyo mmoja.

Lipo pia suala la usalama, na hapa naandika kwa uchungu. Machi 29, mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji letu, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Nairobi walizika watu wao baada ya jengo la Huruma kuanguka Aprili 2016. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, na sote tunakumbuka sauti za waliokuwa wakiita kutoka chini ya vifusi. Sababu za kila tukio ni kazi ya wachunguzi na mahakama. Lakini udhaifu unaolea maafa ya namna hii tunaufahamu: ghorofa zinazoongezwa kuliko zilizoidhinishwa, zege lisilopimwa, na muhuri wa mtaalamu uliokodishwa kwa mtu ambaye hakuwahi kufika saiti.

Muhuri wa kukodisha ndio ninaotaka kiongozi wa kanda aushike. Mbunifu aliyesimamishwa au kufutwa katika nchi moja asiweze kuvuka mpaka akagonga muhuri katika nchi nyingine kwa kuwa tu bodi mbili hazikuandikiana barua. Soko la pamoja bila daftari la pamoja la nidhamu linafungua mlango kwa wazembe pamoja na wema. Kuzifanya bodi za nchi nane zipashane habari hizo kila robo mwaka, kwa mfumo mmoja, ni kazi isiyopigiwa makofi ukumbini, na ningempigia kura mgombea ambaye angeahidi hiyo moja tu na akaitimiza.

Nina ombi jingine dogo kwa mkuu wenu, akipata kura. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, na ndicho kinachosemwa saiti kuanzia Dar es Salaam hadi Goma. Mwongozo mfupi wa kanda kwa mwenye kiwanja, unaoeleza mbunifu majengo anafanya nini, ada inalipwa kwa hatua zipi, na kwa nini ramani iliyonakiliwa kutoka kwa jirani haiwezi kufaa udongo wa kiwanja chako, ungewafikia watu ambao nyaraka zetu za Kiingereza hazijawafikia.

Turudi ofisini kwenu. Woga wa wenzako kuhusu michoro kulala una msingi, nao unatatuliwa kwa mpango. Sahihi na muhuri wa mbunifu ni dhamana ya mtu binafsi, kwa hiyo asitokee mtu wa kugonga muhuri wa mkuu akiwa safarini, hata kwa simu yake, hata kwa mradi mdogo wa uzio. Inatakiwa awepo mbunifu mwingine aliyesajiliwa, mwenye muhuri wake na wajibu wake, ambaye jina lake limo kwenye barua kwa wateja. Kila mteja mwenye mradi unaoendelea aandikiwe mapema: nani atahudhuria vikao vya saiti, nani ataidhinisha mabadiliko, na ni maamuzi gani yatamsubiri mkuu mwenyewe. Wateja wengi wakubwa hawachukii kuambiwa ukweli huo. Wanachochukia ni kugundua katikati ya zege kwamba hakuna wa kuamua. Ukaguzi wa michoro nao uwekewe siku maalumu ya juma, na uhudhuriwe na wote, ili mafunzo mnayopata kwake yasikatike.

Kuhusu fedha, vyeo hivi kwa kawaida havina mshahara, na safari ni ghali. Chama cha nyumbani kikubali kwa maandishi kitagharimia nini, kabla ya jina kupelekwa. Ofisi nayo itenge kiasi chake kwenye bajeti, na fedha za mradi wa mteja zisiguswe kwa ajili ya tiketi. Nimeona ofisi nzuri zikiyumba kwa sababu hapakuwa na mstari kati ya mifuko hiyo miwili.

Swali lako la mwisho, kuhusu faida yenu nyinyi wadogo, ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu wengi hulifikiria bila kulitamka. Faida ya kwanza mtaipata mkiitafuta: kiongozi wa kanda anahitaji watu wa kumfanyia utafiti, kulinganisha sheria za nchi nane, kuandaa majedwali ya ada na kuandika muhtasari unaosomeka. Ombeni kazi hizo. Kijana aliyelinganisha kanuni za usajili za Kampala na za Dar es Salaam kifungu kwa kifungu atakuwa na elimu ambayo haipatikani darasani, na siku akitaka kufanya kazi ng'ambo ya mpaka atajua mlango wa kubisha. Faida ya pili ni nafasi inayoachwa wazi. Mkuu akiwa safarini, mtu mmoja kati yenu atamweleza mteja kwa nini dirisha la magharibi lipunguzwe, na atalazimika kuijua hoja yake vizuri kuliko alivyowahi kuijua.

Kwa hiyo muombeni kikao kabla ya jina lake kupelekwa, na mwende na maswali haya: ni mambo gani mawili anayotaka kuyakamilisha katika kanda, nani atakuwa na mamlaka ya kuamua hapa ofisini, masharti ya mgongano wa maslahi yatakuwa yapi, na taarifa ya kazi yake itasomwa wapi na kila baada ya muda gani. Akiwa na majibu, mwandikieni barua ya kumuunga mkono, kila mmoja atie sahihi, na nakala ipelekwe kwa katibu wa chama. Akiwa bado hana, mpeni muda ayatafute, na wewe uwe wa kwanza kujitolea kumsaidia kuyaandika.